Mifumo isomane, lakini isome nini?

Jumapili moja niliumwaga mfuko wa Mama kitandani. Ni mfuko wa Rambo, ule mweusi wa kabla ya marufuku ya 2019, na Mama anautunza kama watu wanavyotunza hati ya kiwanja: unakaa chini ya godoro, upande wa ukutani, na ukitaka kuushika sharti uombe. Yakatoka madaftari mawili ya shule, moja lina jedwali la kuzidisha mgongoni. Ikatoka kadi ya kliniki ya sukari na presha, fomu mbili za rufaa, bahasha ya kaki yenye eksirei ya magoti, na picha ya ultrasaundi iliyofifia hadi ikabaki karatasi nyeupe inayong'aa. Mwisho yakatoka majibu ya maabara, mengine yamekunjwa mara nne, mengine yana duara la kikombe cha chai.

Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu. Ijumaa yake daktari wa hapa Dar alikuwa ameuliza, "Kreatinini yake huwa inacheza kwenye ngapi?" Nikamtazama Mama, Mama akanitazama mimi. Nimefanya kazi miaka minne kwenye chumba cha takwimu cha kliniki, namba za wagonjwa wengine nilikuwa nazijua kwa kichwa, ya mama yangu sikuijua.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikiwa nzima zinaichuja na kuitoa kwa mkojo. Ikianza kujaa kwenye damu, ujue figo zinachoka. Kwa mtu mwenye sukari na presha kama Mama, namba hiyo haitakiwi kupotea machoni.

Nikazipanga karatasi kwa tarehe. Ya kwanza, kutoka hospitali ya wilaya kule Kilosa: 1.1. Ya pili, kutoka hospitali ya rufaa alikopelekwa: 124. Moyo ulinilipuka. Kutoka 1.1 hadi 124! Nilishashika simu nimpigie kaka, ndipo jicho likashuka kwenye maandishi madogo pembeni ya majibu. Maabara moja inaandika kwa miligramu kwa desilita, nyingine kwa mikromoli kwa lita. Kutoka kipimo cha kwanza kwenda cha pili unazidisha kwa 88.4. Nikachukua kikokotoo cha simu, 124 ikawa 1.4. Karatasi ya tatu ilitoka kituo binafsi jirani na kwangu, alipokuja kupumzika Dar: 1.6. Ya nne, hospitali ya rufaa tena: 168, yaani 1.9.

1.1, 1.4, 1.6, 1.9. Miaka mitatu.

Hakuna karatasi hata moja kati ya hizo iliyokuwa inapiga kelele. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili, naona mtu aliandika kwa peni pembeni, "imepanda kidogo". Wa tatu hakuwa na cha kulinganisha nacho, maana Mama alikuja Dar bila mfuko. Ngazi ile ya namba zinazopanda haikuwahi kuwepo mahali popote duniani mpaka Jumapili ile, juu ya shuka ya maua.

Kisha nikafungua daftari la pili. Kwa mwandiko mwingine, wa sehemu nyingine kabisa ambako alikwenda kwa ajili ya magoti, imeandikwa diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi na jioni. Zikiisha, Mama anapeleka daftari duka la dawa, anaonyesha ukurasa, anaongezewa. Diklofenaki na figo za mgonjwa wa sukari havikai nyumba moja. Aliyeandika alikuwa ameletewa magoti, akatibu magoti. Nimejaribu kumkasirikia na nimeshindwa. Vituo vinne, mafaili manne, namba nne za faili, na kila mmoja ameshika kipande chake cha Mama kwa uaminifu kabisa.

Viongozi wetu wana neno lao kwa jambo hili: mifumo isomane, yaani kilichoandikwa kwenye kompyuta ya kituo kimoja kisomeke kwenye kituo kingine. Ni neno zuri, na linasikika kama limezaliwa kwenye Kiswahili. Zahanati na vituo vingi vya umma Tanzania vinatumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali, hospitali kubwa zina mifumo yao, hospitali binafsi kila moja imenunua wa kwake. Mpaka leo kinachosomana vizuri kuliko yote ni daftari la shule la shilingi mia kadhaa. Halihitaji umeme, halina nywila, linafunguka kijijini na linafunguka Dar. Ubaya wake ni kwamba lipo moja tu, na mvua moja inalimaliza.

Kwa hiyo na mimi nadai mifumo isomane. Lakini nimewahi kukaa upande wa pili wa dirisha, na huko nilijifunza jambo ambalo watu wa semina za teknolojia hulipita haraka mno.

Nilikuwa karani wa takwimu kwenye kliniki ya tiba na matunzo, CTC. Kila anayeanza dawa za VVU anapewa kadi yenye namba, na namba ile ina simulizi ndani yake. Inaanza na mkoa, inafuata wilaya, kinafuata kituo, mwishoni anakuja mtu mwenyewe. Ukijua kuisoma unajua mtu alianzia wapi. Kwa kanuni, ukihama unahama nayo. Kituo kipya hakikupi nyingine. Kwenye karatasi, huo ni mfumo wa kumbukumbu za pamoja uliokuwepo miaka mingi kabla sisi wengine hatujaanza kuutamani.

Sasa aje dada mmoja, sitasema mwaka wala mji. Anasema ndiyo kwanza anaanza, hajawahi kumeza kidonge. Tukampa kadi mpya, namba mpya. Dirisha la dawa lilikuwa jirani na meza yangu, nikamwona akipokea kopo. Alibandua lebo kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayemenya yai, kisha akatoa pamba kwenye mkoba, akaijaza juu ya vidonge na kufunga. Akalitikisa kopo sikioni. Kimya. Akaondoka.

Anayeanza dawa hajui kwamba kopo hulia kwenye mkoba ukiwa umekaa kwenye daladala. Hilo hujulikana baada ya kuaibika nalo. Nikamwambia nesi wetu mkubwa, yule mama aliyekuwa ametufundisha kazi wote, kwamba huyu si mgeni, ana namba kule alikotoka, tuitafute. Nesi hakuinua hata kichwa kwenye rejista. "Mwanangu, andika alivyosema."

Baadaye nilikuja kujua, kwa njia ambazo mambo hujulikana, kwamba anapanda basi la alfajiri kutoka wilaya nyingine, na kwamba kwenye kliniki ya karibu na kwao anayegawa dawa ni wifi yake. Huko kwao aliandikwa mtoro. Kuna mtu alikuwa anampigia simu isiyopatikana, labda hata mhudumu wa jamii alitumwa kubisha hodi. Kwenye takwimu za nchi alikuwa watu wawili: mmoja ametoroka tiba, mwingine ameanza juzi. Na mwili wake mmoja ulikuwa unameza dawa kila usiku saa tatu bila kukosa.

Mifumo ile miwili ingesomana usiku ule, wifi angeliona jina asubuhi.

Tumezoea kusema kumbukumbu za wagonjwa zimekatika vipandevipande kwa sababu ya uzembe, umaskini, mtandao mbovu, na ni kweli kwa karatasi za Mama. Kwa yule dada si kweli. Yeye kumbukumbu zake alizikata kwa mkono wake, kwa akili timamu, na kile kipande kilichokatwa ndicho kilichomweka kwenye dawa. Sheria yetu ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inaamuru siri, lakini sheria haikai kwenye meza ya kifungua kinywa pamoja na wifi.

Singapore ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Januari 2019 serikali yao ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wenye VVU, majina, namba za kitambulisho, simu na anwani, zimemwagwa mtandaoni. Si kwamba mdukuzi alivunja ukuta. Taarifa zilitoka kwenye rejista ambayo daktari mmoja aliruhusiwa kuifungua kwa kazi yake, zikaishia mikononi mwa mwenzi wake. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo halali. Nikisikia wataalamu wakijisifu kwamba mfumo wao una ulinzi wa kiwango cha benki, huwa nataka kuwauliza: na wifi je?

Kuna na jambo la majina, ambalo nalo ukilitazama kwa juu linachekesha. Nitafutie Hadija kwenye kompyuta. Je, ni Hadija, Khadija au Hadidja? Ni Hamisi au Khamis? Amefuata jina la baba au la mume? Kliniki yetu ilikuwa na watu wengi mno waliozaliwa tarehe 1 Januari, na wachache wao ndio waliozaliwa siku hiyo. Wengine karani aliuliza mwaka, akajaza mwenyewe kilichobaki. Jibu la siku hizi ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Sawa, ni tarakimu 20, haifanani na ya mtu mwingine. Lakini tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na rika la Mama tarehe zao zilipatikana kwa kukumbuka mafuriko na mazishi. Hospitali moja ikishika tarehe ya NIDA na nyingine ikashika ya kadi ya kliniki, kompyuta itaapa hawa ni watu wawili.

Tena afadhali kompyuta iape hivyo. Kosa la kumgawa mtu mmoja kuwa wawili linakera. Kosa la kuwaunganisha wawili kuwa mmoja linaua. Unaletewa Hadija aliyezimia, mfumo unakuonyesha kundi la damu la Hadija mwingine. Niliwahi kuunganisha mafaili mawili kimakosa Ijumaa jioni nikiwa na haraka ya kuondoka. Nilikumbuka nikiwa kituoni, nikarudi kwa miguu, nikayatenganisha kabla taa za kliniki hazijazimwa. Sikumwambia mtu hadi leo.

Wanaosema mambo haya ni ya Wazungu wafike Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliweka kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta kwenye kituo cha afya cha vijijini. Mgonjwa alizunguka na fomu ya karatasi kutoka mapokezi hadi dawa, kisha karani akaiingiza. Hakuna aliyemlazimisha daktari kutazama kioo badala ya mtu. Kutokana na uzoefu wa Eldoret lilizaliwa wazo la OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo 2006 ilikuwa tayari inafanya kazi Kenya na Rwanda, na leo imesambaa nchi nyingi. Kwa hiyo Bonde la Ufa halikuingia darasani nyuma ya wengine. Huwa nakereka nikiona wageni wanakuja kutufundisha kitu kilichochumwa hapa hapa.

Waingereza walikwenda njia nyingine. Mwaka 2002 walianzisha mpango mkubwa wa kitaifa wa kompyuta za hospitali: kila mgonjwa, kila hospitali, faili zima, kutoka juu kushuka chini. Mwaka 2011 serikali yao ikatangaza kuuvunja, pauni zaidi ya bilioni 6 zikiwa zimeshatumika. Kilichonivutia ni kilichobaki baada ya gharika. Mpango ulizama, lakini kijikaratasi kimoja kikaelea: muhtasari wa mgonjwa wenye dawa anazotumia, mzio wake, na dawa zilizowahi kumdhuru. Mwanzoni yalikuwa hayo tu. Kijikaratasi hicho kinaishi hadi leo, na ndicho daktari wa zamu ya usiku anachokihitaji.

Mfano unaotajwa sana ni Estonia, ambako kumbukumbu za pamoja zilianza 2008. Ni vizuri kukumbuka kwamba nchi nzima ina watu milioni 1.3 hivi, yaani robo ya Dar es Salaam kwa sensa ya 2022. Kwa hiyo sishangai kwamba waliweza. Nashangazwa na vitu viwili walivyowapa wananchi wao. Mgonjwa akiingia kwenye akaunti yake anaona nani amefungua faili lake na lini. Na akitaka, anaweza kuzifunga nyaraka, daktari asizione.

Ningempa nini yule dada? Ningempa hivyo viwili. Wifi akifungua, jina lake libaki pale kama unyayo kwenye udongo mbichi, na awe anajua kwamba litabaki.

Sheria zimeanza kuja. Kenya walipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Nimeisoma. Ni nzuri. Ila sijawahi kukutana na mgonjwa kwenye foleni ambaye ameambiwa kwamba ipo.

Nikiulizwa pa kuanzia, sitaanza na faili zima. Nitaanza na ukurasa mmoja: dawa, mzio, magonjwa ya kudumu, na majibu machache ya maabara yakiwa kwenye kipimo kimoja, ili 1.4 na 124 zisije zikamtia mtu kiwewe Jumapili. Ukurasa huo ungetosha kumzuia aliyeandika diklofenaki. Ungekuwa na nakala ndani ya kituo chenyewe, kwa sababu sote tumewahi kusimama dirishani tukiambiwa "sistimu iko chini, subirini", na mgonjwa wa kifafa hasubiri sistimu. Ungempunguzia nesi kazi pia. Leo nesi anaandika kwenye daftari la mgonjwa, anaandika kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za huduma za afya, kisha anaandika kwenye kompyuta, halafu tunashangaa kwa nini kilichoandikwa mara ya tatu kina makosa. Na mambo mengine, VVU, afya ya akili, uzazi, yabaki nyuma ya mlango ambao mgonjwa ndiye mwenye komeo.

Najua daktari mmoja atanijibu: na mgonjwa akificha kitu kitakachomuua? Ni swali halali, maana dawa za VVU zinagongana na dawa nyingine na daktari asiyejua anaweza kuumiza. Sina jibu linaloridhisha pande zote. Ninachojua ni kwamba anayelazimishwa kuonyesha hukimbia, na aliyekimbia hana ukurasa hata mmoja.

Turudi kitandani. Nilichukua daftari jipya, ukurasa wa kwanza nikachora mistari, nikaandika tarehe upande wa kushoto na kreatinini upande wa kulia, zote kwa miligramu. Chini nikaandika dawa za sukari, dawa za presha, na diklofenaki nikaiandika kwa kalamu nyekundu. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli ananitazama, ananisimulia kila karatasi ilikotoka, nani alimpokea vizuri, nani alimjibu kama mtoto.

Nilipomaliza nikahesabu tena. Kati ya karatasi za mwaka juzi ilikosekana moja. Fomu ya rufaa ilikuwa inaitaja, karatasi yenyewe haimo. Nikamuuliza. Hakujibu. Nikaona mkono wake umekwenda kwenye pindo la kanga, pale kwenye fundo anapowekaga nauli.

"Hiyo usiiingize," akasema.

"Lakini Mama, daktari..."

"Nimekwambia hiyo usiiingize."

Jumanne tukaenda. Daktari akalipokea daftari, akausoma ukurasa wa kwanza, akausoma tena, akaomba kalamu. Akaikata diklofenaki kwa mstari, akaandika dawa nyingine ya magoti, akaweka saini na tarehe kama mtu aliyekuta fomu yake mwenyewe. Akaagiza vipimo vya figo upya. Kisha akamgeukia Mama kwa upole, akamuuliza kama kuna kingine angependa kumwambia.

Mama akaanza kulifungua lile fundo la kanga. Akaishia katikati, akanitazama.

Nikatoka nje kununua maji.